Msichana wa Herufi Nane

Kompyuta ya parokia ilikuwa ikitabasamu. Sisemi hivyo kwa kupamba. Ukiiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, katikati ya kioo kulitokea kauso kadogo kenye macho mawili na mdomo uliopinda, kakakutazama. Wamisionari waliiacha walipoenda kwao. Dada aliyekuwa akiandika matangazo ya misa alinifundisha kuitumia kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa kunyamaza na sigusi vitu ovyo.

Kunyamaza nilikujua. Mwalimu wa darasa aliniandika mara nyingi kuwa sikuja shule, nami nimekaa safu ya pili. Nilikuwa nikiitika, ila sauti ilikuwa haimfikii.

Nilikuwa kidato cha nne na sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa nyumbani, hapo hapo mtaani Baba Dogo, mikononi mwa jirani, na hakuna aliyekwenda kuniandikisha. Shule ikasema bila cheti jina langu haliingii kwenye orodha ya mtihani, na siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baba ni mchonga vinyago. Alimwacha twiga wake bila miguu akanipeleka ofisi ya vizazi na vifo, ambako dirisha ni moja kwa yote mawili. Kwenye mlango walikuwa wamebandika tangazo: fomu za karatasi hazipokelewi tena, leta disketi.

Kwa hiyo nikaenda parokia, dada akanipa disketi, kile kibamba cha plastiki cha kubebea maandishi, nikaandika kila kitu. Jina, siku, mahali, wazazi. Jina langu lina herufi kumi na moja. Nilizihesabu nikizibonyeza kwa kidole kimoja.

Karani wa dirishani alikuwa mzee wa tai pana. Aliishika disketi yangu kwa ncha za vidole, kama sindano iliyokwisha kutumika, akaitumbukiza. Kompyuta yake haikuwa na uso wowote, kijivu tu. Ilinguruma, krr, krr, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Hakuna mtu hapa," akasema.

Baba akainama. "Samahani mzee, hebu tafuta vizuri. Ni msichana. Huyu hapa."

"Huyo namwona. Nasema humu ndani. Ni tupu kabisa." Akasogeza miwani. "Inauliza kama niisafishe."

Nilijua kusafisha ni nini. Dada alikuwa ameniambia, ikikuuliza hivyo, kataa. Neno lilikuwa limefika mdomoni, hapana, likakaa hapo. Karani alimtazama baba, baba akanitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu. Kidole cha karani kikashuka.

Ilichukua muda kunifuta. Mashine ilikuwa ikihesabu imefika wapi, bila haraka, na karani akawa anakunywa chai.

"Mliandikia wapi?" akauliza ilipomaliza. Baba akamwambia. "Basi ndiyo hiyo. Mashine ya serikali haisomi za namna hiyo. Tafuteni inayofanana na hii."

Jumapili nilirudi parokia na ile disketi, labda kitu kilikuwa kimebaki. Baba Dogo siku ya Jumapili viwanda vimezimwa, unasikia hadi viatu vya mtu wa ng'ambo ya barabara. Dada akawasha. Kauso kakatabasamu, kama kawaida yake. Akaingiza disketi. Mashine ikafikiri, kisha ikauliza swali lile lile: niisafishe?

"Sasa hata huku hauko," dada akasema, polepole.

Nyumbani kaka yangu alifurahi sana. "Niaje, jini."

"Mwache mwenzako," mama akasema.

"Mathe, si kompyuta mbili zimesema hayuko? Na sisi hapa tunampikia."

Nilicheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba na daftari langu hili ninaloandikia sasa, nikaandika jina langu lote, ukurasa mzima, kuona kama litakaa. Baada ya mistari kama ishirini lilianza kuonekana la mtu nisiyemjua.

Jumanne baba alinipeleka mtaa wa Jericho, karibu na soko, kwa mama mmoja mwenye chumba cha kupigia chapa. Kompyuta yake ilikuwa ya kijivu, ndugu wa ile ya ofisini. Alipomaliza kuandika fomu akaniuliza, "Hii kazi tuiite nani?"

Nikamwambia jina langu. Akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia. Alikuwa angali anabonyeza, lakini kioo kikagoma kwenye herufi ya nane.

"Inameza nane tu," akasema. "Si kitu, hilo ni jina la faili tu, la nje. Ndani uko mzima."

Safari hii, tuliporudi dirishani, karani aliitikia kwa kichwa, kwa furaha. "Huyu sasa yupo." Akatuambia turudi Alhamisi.

Alhamisi baba alikisoma cheti kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Kisha akanipa. Herufi nane. Mwisho wa jina ulikuwa umekatika, na baada yake nafasi nyeupe, safi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Amekuchonga mpaka shingo," baba akasema kwa sauti ya chini. Akakirudisha dirishani. "Mzee, jina halijaisha. Fungua ndani uone."

"Mimi naandika jina ambalo mashine inanionyesha."

"Na kurekebisha?"

"Lete barua ya chifu. Halafu miezi mitatu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho. Baba akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

"Twende nalo," nikasema. Alinisikia mara ya kwanza.

Asubuhi ya mtihani msimamizi, mtu mgeni, alisimama mbele akaita majina. Alipofika kwake, huyo wa herufi nane, hakuna aliyeitika. Wanafunzi wakageuka kumtafuta. Mimi pia niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na dawati moja tupu, na nilimngoja, kweli kabisa nilimngoja, nikidhani atasema kitu.

Msimamizi akaita tena. Kalamu yake ilikuwa tayari imeshuka kwenye karatasi, kuandika hayupo.

"Niko," nikasema.

Ilikuwa sauti kubwa. Iligonga ukuta wa nyuma ikarudi, na wenzangu walinitazama kama mtu aliyehamia leo. Msimamizi akaniwekea alama akaendelea na wengine.

Tukapewa karatasi. Nikaanza kuandika jina juu. Kwenye herufi ya nane niliinua kalamu, lakini mkono ukaendelea, hewani, herufi tatu.