Daktari Aliponikuta na Koloni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa balozi wa nyumba kumi huku Soni. Tumbo likanisumbua wiki nzima, nikaenda hospitali Lushoto. Wakaninywesha dawa nyeupe kama chokaa, wakanipiga picha. Daktari, kijana aliyesomea ng'ambo, akaiinua picha dirishani.

"Mzee, shida iko kwenye koloni. Koloni yako imejaa mno."

Nikaduwaa. Mimi, niliyepinga ukoloni kila mkutano! Niliondoka bila kungoja dawa. Njia nzima nikawaza: picha inaonaje mawazo ya mtu? Au ni kwa sababu ya ule mwavuli alioniachia mzungu wa shamba la chai?

Nikaona heri nijiseme mwenyewe kabla sijashtakiwa. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama.

"Ndugu zangu, daktari amenipiga picha, amekuta nina koloni tumboni. Mwavuli wa mzungu nitauchoma, na ubalozi nawarudishia."

Watu wakatazamana. Ndipo mkunga wetu, Mama Salimu, akainuka.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mama."

"Una siku ngapi hujaenda choo kikubwa?"

Wakwe zangu walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

"Sita," nikajibu.

"Basi kaa chini, baba. Koloni ndiyo jina la kidaktari la utumbo mpana. Alichokiona humo ni mavi."