Siku Msoma Mita Alipompeleka Mkewe Bwawani

Mtaani walimwita Bwana Mita, na jina lenyewe lilimkaa kama shati la kushonewa. Kwa miaka thelathini na moja alipita nyumba kwa nyumba akiinua vifuniko vya chuma, akipangusa matope kwenye vioo vya mita za maji na kuandika tarakimu. Mbwa walimng'ata mara nne, nge mara moja. Alijua ni mita ipi inakwama, na ni ipi ambayo mwenye nyumba mjanja ameificha nyuma ya banda la kuku.

Mkewe alikuwa mfuaji hospitalini. Shuka za wodi ya wazazi zilipita mikononi mwake tangu asubuhi, na alasiri alirudi nyumbani vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa ndani ya beseni. Siku moja, binti yao akiwa bado anatambaa, alimuuliza mumewe maji yote yale hutoka wapi. Bwana Mita akamweleza habari za bwawa lililoko vilimani, mwendo wa saa mbili kwa basi, lenye msitu wa hifadhi pande zote, vijia vya kutembea na mabenchi ya kupumzikia.

"Utanipeleka lini?"

"Mwezi ujao, mama watoto."

Mwezi ujao ukawa mwaka ujao. Mara mtoto ana surua, mara zamu imebadilishwa, mara paa linavuja. Mkewe hakununa. Alimtania tu: "Mita za mji mzima unazisoma, ya mkeo unairuka kila mwezi!" Wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Alipostaafu, mkewe alikuwa ameanza kupotea akiwa palepale nyumbani. Yalianza mambo madogo. Alitia chumvi mara mbili, akaweka funguo ndani ya jagi. Kisha akawa anamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake yeye mwenyewe. Na asubuhi moja alimkuta Bwana Mita sebuleni anavaa viatu, akamuuliza kwa adabu zote, "Samahani, unamtafuta nani?" Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haurudi nyuma.

Hapo ndipo Bwana Mita alipoikumbuka ile ahadi ya bwawa. Akampigia simu binti yao, ambaye alikuwa mwalimu katika mji mwingine.

"Baba, nakuomba, usimpeleke peke yako," binti alisema. "Ngoja shule zifungwe, twende sote."

"Sawa, mwanangu."

Alisema sawa mdomoni tu. Aliogopa kwamba shule zikifungwa hatakuwa na mke wa kumpeleka, atakuwa na mgeni. Jumatano iliyofuata akamvalisha, akafunga mkate na chupa ya chai kwenye kikapu, wakapanda basi.

Mawingu yalikuwa yamelala juu ya vilima kama blanketi chafu. Mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili, na bwawa lenyewe lilikuwa limenywea; maji ya rangi ya kijivu yalikaa katikati, na pembeni ukanda mpana wa tope uliopasuka-pasuka. Getini, askari wa hifadhi, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, aliwaandika kwenye kitabu cha wageni akawaonya wasishuke kwenye tope. Siku hiyo hapakuwa na watu wengi: wanafunzi wachache waliokuja kutazama ndege, na mzee mmoja aliyelala kwenye nyasi kofia imemfunika uso.

Lakini mkewe alifurahi. Alitembea polepole kwenye kijia, akigusa magome ya miti kwa kiganja. Walipofika benchi la kwanza walikaa, Bwana Mita akammiminia chai. Mkewe akayatazama maji kwa muda mrefu.

"Unajua, kaka," akasema, "mume wangu aliniahidi kunileta huku."

Bwana Mita akakishusha kikombe chake. "Basi si ndiyo tumefika?"

"Wapi! Yeye hana nafasi. Kutwa yuko kwenye mageti ya watu. Lakini atanileta tu, si mtu mbaya." Akamgeukia kwa huruma. "Na wewe je, mkeo umemwacha wapi?"

"Ni mimi, mama watoto. Mimi ndiye mumeo. Nimekuleta."

Alimtazama, na tabasamu likatoweka usoni. Akajisogeza hadi mwisho wa benchi, mkoba ameukumbatia kifuani. "Usiniambie mambo hayo. Mume wangu bado kijana."

Bwana Mita hakuwahi kulia mbele ya mkewe, na hakutaka kuanzia siku ile. Akamwambia, "Nisubiri hapa, dada yangu, narudi sasa hivi," akaenda kwenye bomba lililokuwa nyuma ya vyoo. Akalia kimyakimya huku maji yakimwagika bure, kisha akanawa uso. Hakukawia hata dakika kumi.

Aliporudi, kwenye benchi palikuwa na kikombe tu.

Aliita, kisha akapiga kelele. Akakimbia hadi getini.

"Amevaa nini, mzee?" askari aliuliza, ameshashika filimbi.

Bwana Mita akafungua mdomo. Alikumbuka namba za mita za watu waliokufa zamani, lakini gauni alilomfunga vifungo kwa mkono wake asubuhi ile halikumjia. "Sijui," akasema. "Mtandio mweupe. Sijui."

Wanafunzi wakaacha ndege wao wakaingia msituni. Yule mzee wa kwenye nyasi naye aliamka akaenda upande wa ukuta wa bwawa. Filimbi ililia huku na huku kwa karibu saa mbili, na manyunyu yakaanza kuanguka. Ni askari aliyemwona kwanza, ng'ambo ya ghuba ndogo, kiatu chake kimoja kimebaki ukingoni. Alikuwa amezama kwenye tope hadi magotini, ameinama penye maji, anasugua mtandio wake. Anausugua, anaukamua, anaurudisha kwenye maji ya tope.

Bwana Mita aliingia topeni bila kuvua viatu.

"Twende nyumbani."

"Bado," mkewe alisema, meno yanagongana kwa baridi. "Shuka hizi hazitakati. Na wodi ya wazazi wanazingoja."

"Nitakusaidia," akasema. Akashika ncha moja ya mtandio, mkewe akashika nyingine, wakaukamua pamoja. Ndipo alipokubali kushikwa mkono. Ilibidi askari na wanafunzi wawili wavute kamba kuwatoa wote.

Siku ya tatu kifua kilimbana mkewe. Alilazwa siku tisa kwa nimonia, kwenye hospitali ileile aliyoifulia shuka. Binti yao alifika siku ya nne. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuambia unisubiri, baba."

"Uliniambia."

"Basi mama nitakaa naye mimi."

Bwana Mita hakubisha. Binti alikuwa na vyumba viwili katika nyumba za walimu, mume na watoto watatu. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwa ya kujibana, ya wawili haikuwepo. Walipanga kwamba atakuwa anakwenda kumwona kila mwisho wa mwezi.

Siku ya safari alifunga nguo za mkewe mwenyewe, akakunja kila gauni taratibu, akiitazama vizuri rangi yake. Gari lilikuwa limeshawashwa. Mkewe alisimama mlangoni, amekonda, akaitazama sebule ile aliyokaa miaka zaidi ya thelathini, kisha akampa mkono.

"Asante sana, kaka, umetupokea vizuri," akasema. "Mama mwenye nyumba sijamwona. Akirudi, nisalimie mkeo."

"Salamu zitafika," Bwana Mita akajibu.

Akamshika kiwiko, akamsaidia kuingia ndani ya gari, akamfungia mlango. Binti yake aliinamisha kichwa kwenye usukani kwa muda, kisha akaondoa gari.