Vernita na Kiti cha Dirishani

Vernita Tubbs aliingia saluni kwetu miaka minane iliyopita na mkoba mmoja na mwavuli uliovunjika. Mama Odell, mwenye saluni, alimpa kazi ya kuosha vichwa, na baadaye kiti cha kusukia. Mimi ndiye niliyemwonyesha kupima joto la maji kwa kiwiko, na kuishika shingo ya mteja mzee isikakamae. Naanza na hayo kwa sababu yeye hayasemi.

Ana mwili mdogo, sauti kubwa, na meno yaliyopangika kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Watu wanampenda kabla hajafanya lolote. Hata yule aliyekuwa mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kunisifia kikombe cha kahawa, akipita kibarazani huchungulia na kuuliza, "Vernita yupo leo?"

Huku kwetu mashariki ya Detroit, mwezi wa Mei ukifika watu huulizana mipira ya bahati nasibu ya ligi ya kikapu itaangukaje. Timu ya nyumbani imeshindwa miaka mingi, na timu zilizoshindwa ndizo zinazochezeshwa bahati nasibu ili ijulikane ipi itachagua kwanza kati ya vijana wapya. Niliacha shule darasa la saba, lakini hesabu hiyo nimeishika kichwani. Mipira huamua machaguo manne ya kwanza tu; timu zinazobaki hupangwa kwa ubovu wao. Timu mbovu kuliko zote ina bahati mia na arobaini katika elfu ya kupata chaguo la kwanza. Maana yake, mara themanini na sita katika mia hailipati, na inaweza kuporomoka hadi la tano. Timu ya tisa kwa ubovu ina arobaini na tano tu katika elfu.

Saluni tuna viti vinne, na cha dirishani ndicho chenye riziki. Anayepita barabarani akiona mikono yako inavyokwenda, anaingia. Zamani tulikigombania mpaka siku moja chanuo la moto likarushwa. Tangu hapo Mama Odell aliweka utaratibu: kila Mei kila msusi anachomoa jina la timu moja kwenye kofia ya plastiki. Timu yako ikipata chaguo la kwanza, kiti ni chako. Ikiwa hakuna iliyopata kati ya zetu nne, aliyekikalia anabaki nacho. Kubadilishana kunaruhusiwa mpaka matangazo yaanze, na unaweza kuongezea mteja, kama timu zenyewe zinavyotoa nyota ili zipate chaguo.

Nilikuwa nimekikalia kile kiti miaka sita. Mwaka huu Vernita alichomoa timu ya nyumbani, mbovu kuliko zote. Mimi nikachomoa ya tisa.

"Dada Lavonne," akaniambia, "anza kufungasha mafuta yako."

"Themanini na sita katika mia," nikamjibu. "Hujui hata maana yake."

Ningeishia hapo, ningekuwa nimekaa dirishani hivi sasa.

Wiki hiyo mji mzima ulikuwa unabishana habari za Pruitt, yule mchezaji mkubwa aliyetaka kuhama timu yake. Wengine walisema tutoe chaguo letu leo leo tumchukue, wengine wakasema tungoje mipira. Alhamisi asubuhi nilikuwa namsuka mteja, redio iko wazi, mara nikasikia mtangazaji akimkaribisha Vernita wa mashariki. Kumbe yuko chumba cha nyuma na simu.

"Chaguo lisitoke kabla ya mipira," alikuwa akisema. "Likianguka la tano, wapeni tumchukue Pruitt. Likija la kwanza, tunalala nalo kitandani."

Maneno yangu yote, na kile kitanda. Nilikuwa nimeyasema Jumanne mbele ya sinki, yeye akiwa ameinama kufuta maji sakafuni.

"Huyu mama ni profesa," mtangazaji akasema, akacheka.

Alipotoka, wateja walimpigia makofi.

"Umeyatoa wapi maneno hayo?" nikamwuliza.

"Ah, dada, maneno nayo yana mwenyewe? Humu si tunaongea sote?"

"Mpishe profesa anywe maji," Jocelyn wa kiti cha tatu akasema, na saluni nzima ikacheka. Mama Odell naye akacheka. Nilimvuta nywele mteja wangu mpaka akaniomba nipunguze.

Siku nne sikulala vizuri. Kila mtu aliyeingia alimwita profesa. Nikaanza kumwona dirishani, akipungia watu kwa mkono niliouzoesha kazi mimi. Hesabu ilikuwa palepale kichwani, lakini haikunisaidia kitu. Sikuweza kuvumilia hata zile kumi na nne katika mia kuwa mikononi mwake.

Siku ya bahati nasibu, saa nane mchana, nikamwendea.

"Nipe timu ya nyumbani. Nakupa ya kwangu, na Bi. Gaines juu yake."

Bi. Gaines ni mke wa mchungaji. Huja kwangu kila Jumamosi, na akitengenezwa nywele, wanawake wanane wa kanisani hutaka zile zile. Jocelyn aliacha kusuka.

Vernita alinitazama. "Unaumwa?"

"Unataka au hutaki?"

"Mama Odell, njoo usikie. Dada Lavonne ananigawia mali."

Mama Odell akaja na taulo begani. "Lavonne, mwanangu, wewe ndiye unayetufundisha hesabu hizi. Una hakika?"

"Nina hakika."

Tukapeana mikono mbele yake.

Jioni tulikusanyika mbele ya televisheni na mabawa ya kuku na soda. Kadi zenye majina ya timu hufunguliwa kuanzia chaguo la kumi na nne kurudi la kwanza. Kumi na nne, kumi na tatu, zote zilikuwa kama zilivyotarajiwa. Ilipofunguliwa ya tisa, haikuwa timu ya tisa. Ilikuwa timu ya nane kwa ubovu. Jocelyn akaweka chini bawa lake, maana sote tulijua: ile ya tisa imeruka juu, iko katika nne za kwanza. Kadi zikaendelea, na ya tano ikawa timu ya nyumbani. Nilikuwa nimenunua la tano.

Walikwenda kwenye matangazo ya biashara. Waliporudi wakafungua ya nne, ya tatu, ya pili. Chaguo la kwanza likaenda kwa timu ya tisa, ile niliyomwachia Vernita kama chenji.

"Bwana asifiwe," Vernita akasema taratibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Asubuhi nilihamisha mafuta, rola na picha ya mama yangu mpaka kiti cha nne alichokuwa nacho Vernita, karibu na choo. Vernita alikuja kunishikia droo upande mmoja. Tulipofika katikati ya chumba akasimama.

"Dada, niambie kweli. Ungekaa tu kimya, kiti kilikuwa chako. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka usikipate."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Alitikisa kichwa, tukaibeba droo mpaka mwisho. Jumamosi Bi. Gaines aliingia, akanibusu shavuni, akaniuliza hali ya mgongo wangu, kisha akaenda kukaa dirishani. Saa nne walikuwa wamefika watatu wa kanisani kwake. Nilikuwa naosha mabrashi, na nilimwona Vernita akiishika shingo ya mzee mmoja kwenye sinki, vidole vimekaa sawasawa mahali pake.