Simu Iliyoshiba Picha za Mtoto

Ijumaa, kwenye duka la simu huko Sulimaniyah, Riyadh, mama mmoja Mkenya anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Suwaidi alilalamika kwamba simu yake inakwama kila anapompigia binti yake kwa video. "Na madam hunipa nusu saa tu kwa wiki."

"Imeshiba, dada," fundi akamjibu kwa Kiswahili cha Nairobi, bila hata kuigusa. "Futa picha, halas, yaishe."

Yule mama akaanza kufuta moja moja, kidole kikisita juu ya kila picha. "Hapa anaota jino. Hapa ni siku ya kwanza shuleni." Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilishindwa kuvumilia, nikaomba kuishika simu. Nafasi ya kuhifadhia vitu ilikuwa imebaki nusu nzima. Zilizokuwa wazi ni programu kumi na tisa, zote zikigombania ile kumbukumbu ndogo ambayo simu huitumia kwa kazi ya wakati huo tu. Picha zilizolala hazikai humo.

Yule mama akanitazama. "Yaani stoo ina nafasi, ila meza ya jikoni imejaa sufuria?"

"Ndiyo hivyo."

"Na mimi natupa unga."

Miaka minne ya kusomea kompyuta chuoni, hakuna mhadhiri aliyenieleza vizuri hivyo. Tukafunga programu zote, tukazirudisha picha alizofuta kutoka kwenye pipa la taka la simu, nikizihesabu mara mbili. Akapiga. Binti akatokea akicheka, bila kukwama.

Fundi akainua macho. "Umeona, dada? Nilikwambia ukifuta itaenda."