Mtoto wa Kalunguta aliyezaliwa na nywele mgongoni

Wakuu, amani kwenu. Hili nililiona kwa macho yangu na sina faida ya kudanganya.

Ilikuwa vita ya pili ya huku kwetu. Shule niliiacha darasa la tano, nikawa napakia maharage kwenye baiskeli kati ya Beni na Butembo.

Siku moja risasi zikalia Kalunguta, kijiji cha njiani. Nikamkuta mama kijana, Kavira, amejifungua kichakani kabla ya miezi kutimia.

Nikashusha maharage (yalibaki huko huko), nikampakia yeye na mtoto. Mama mkwe wake alitufuata kwa miguu hadi kituo cha afya, Butembo.

Mtoto alipofunuliwa, tukasogea kutazama. Mabega, mgongo, hata paji la uso, kote nywele laini.

Mama mkwe akafungua fundo la kitenge, akatoa wembe.

"Batu batasema tumezala nyani. Namunyoa sasa, baba yake asimukute hivi."

Muuguzi, mzee mwembamba, akamshika mkono.

"Mama, hii ngozi ni nyembamba kama ya kitunguu. Ukikata, microbe zinaingia, anakufa. Unataka mujukuu musafi ao muzima?"

"Yote mbili."

"Donc, basi, ngojea. Zitaanguka zenyewe."

Mimi na udadisi wangu nikauliza: zitaangukaje bila kung'olewa?

Mzee akanieleza taratibu. Mtoto akiwa tumboni, unywele ukitaka kutoka, seli zilizo njiani hufa kwa mpango na kuuachia tundu. Baadaye seli za chini ya shina nazo hufa kwa zamu, unywele unalegea, unadondoka. Huyu alizaliwa kabla ya zamu hiyo.

Wakuu, nilishangaa mno. Vifo nilivyovijua barabarani vilibomoa tu. Kumbe kuna kinachotujenga.

Mama mkwe alirudisha wembe kwenye fundo, nami nikaondoka na wasiwasi.

Baada ya wiki kadhaa nilipita kwao. Mama mkwe alikuwa anamwogesha mtoto, mgongo laini, hakuna hata mchubuko.

"Mama, ulimnyoa?"

"Nilinyoa nini? Kila asubui nilikuta nywele ku kitambaa. Angalia ile masikio, ni ya baba yake kabisa."

Nilichojifunza: usichokielewa mwilini, kiulizie kwanza kabla ya kukikata. Yule mzee namheshimu hadi leo.

Wenye watoto njiti, nywele zao zilichukua muda gani? Na mliosoma biolojia, nisahihisheni nilipokosea.