Wali na Nyama

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu hutoa harufu moja ambayo sijawahi kuieleza vizuri: moshi kidogo, mvuke, na kitu kama mkate uliokaribia kuungua. Wengine wakiisikia hukumbuka sikukuu. Mimi uso huniwaka, na nikiwa na watu hujifanya nina simu ya kupiga nikatoka nje. Leo niwaambieni kwa nini, maana kutoka nje kumenichosha.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Nyamirambo, upande ule ambako mlima unateremka ghafla. Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alikuwa amefariki. Mimi nilimkumbuka kwa mbali, na mdogo wangu Saidi, wa miaka mitano, hakumkumbuka kabisa. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi ya udongo, yale tunayoyaita rukarakara, na msimu ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Alasiri moja ukuta wa nyuma ulilala chini taratibu, bila hata kelele kubwa, ukafukia chumba chetu pamoja na cherehani ya Mama. Sisi tulipona kwa sababu tulikuwa sebuleni tukigombania andazi. Kesho yake walikuja watu wa serikali, wakautazama mteremko, wakachora alama nyekundu mlangoni na kutuambia hapo hatulali tena.

Mama Hasani, jirani yetu wa juu, alitupa sebule yake. Alikuwa na watoto sita na vyumba viwili, na bado alitutandikia mkeka kama wageni wa heshima. Lakini mumewe alikuwa anarudi mwisho wa mwezi na jamaa zake, na nafasi isingekuwepo. Mama alitueleza mambo waziwazi, hakuwa mtu wa kuficha: akipata kodi ya chumba, tutakaa wote watatu. Asipopata, Saidi ataenda kwa shangazi Rusumo, kule mpakani, na sisi wawili tutajibanza popote. Usiku huo Saidi alilala ameshika kanga ya Mama, na mimi nilijifanya sioni.

Msaada ulikuwepo. Serikali ilitoa pesa za dharura, kodi ya miezi mitatu, kwa watu walioangukiwa na nyumba na wasio na uwezo, na pesa ziliingia moja kwa moja kwenye simu. Ila jina lako lilipita kwanza mbele ya majirani. Jumanne jioni, kwenye mkutano wa wakazi, linasomwa, unasimama, na watu wanaokujua wanasema kama kweli huna. Ni utaratibu mzuri, unawazuia wajanja. Tatizo lake ni moja tu, kwamba lazima usimame.

Jumanne hiyo Mama aliazima pasi ya Mama Hasani na kupiga pasi tangu saa nane. Alinyoosha gauni langu la bluu lenye kola nyeupe, alilonishonea kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, akanyoosha shati la Saidi, akanyoosha hata mtandio wake mkuukuu. Mama Hasani alimtazama, akamwambia, "Mama Zulfa, leo si harusi. Wavalishe zile za matope, watu waone."

"Shida iko ndani ya nyumba," Mama akajibu. "Haiko kwa nguo. Siwezi kwenda mbele ya leta na makunyanzi."

Leta ni serikali, kwa Kinyarwanda chetu, na kwake kwenda mbele ya leta na nguo zilizokunjamana kulikuwa ni kuitukana. Basi tukaenda tunang'aa. Kwenye uwanja mbele ya ofisi, mwanamke mmoja nyuma yetu alimnong'oneza mwenzake kwamba siku hizi maskini wana mkaa wa pasi. Mama alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu alizidi kunyoosha mgongo.

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Kwenye benchi la pembeni, karibu na baba yake, alikaa Divine, tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Divine nilikuwa nimemwambia kwamba tumehamia kwa shangazi Kiyovu, mtaa wa wenye pesa, kwenye nyumba yenye bustani na televisheni mbili. Kiyovu nilikuwa nimeipita mara tatu hivi, kwa miguu. Uongo wangu wa siku zile ulikuwa na samani kamili. Nilipomwona, nilijificha nyuma ya Mama, lakini gauni la bluu lenye kola nyeupe halijifichi.

Jina letu likasomwa. Mama akasimama, nasi tukasimama naye. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, mzee mpole mwenye miwani, alimuuliza hiki na kile, na Mama alijibu kwa maneno machache, macho chini. Aliyezoea kuomba hujua kupamba shida yake; Mama hakujua. Watu wakaanza kuguna. Mtu mmoja akasema fundi hakosi kitu. Nafikiri yule mzee alitaka kutusaidia, kwa sababu aliacha Kinyarwanda cha mkutano akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha mtaani.

"Wewe mtoto, usiogope. Jana mangaribi mulikula nini?"

Tulikuwa tumekunywa uji wa mtama, kikombe kimoja kimoja, bila sukari, na Mama alikuwa amesema ameshiba kabla hajaonja. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli. Kama ningelisema, nadhani kazi ingekwisha pale pale.

Divine alikuwa amenyoosha shingo ananitazama. Kiyovu yangu ilikuwa imeshaanguka tuliposimama, na sikutaka ajue na uji.

"Wali na nyama," nikasema. Halafu, kwa kuwa mtu wa kufa na tai shingoni hafanyi kazi nusu, nikaongeza, "Na ndizi."

Uwanja mzima ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya mwanzoni, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto akiwaumbua wakubwa. Kisha mzee akamtazama Mama juu ya miwani, akingoja. Nilijua anangoja nini. Mama alipaswa kusema tu, mtoto huyu anadanganya. Niliwaza, atasema sasa hivi, na Divine atasikia, na nitakufa.

Mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, na haukunibana.

"Sina la kuongeza, Mzee," alisema.

Jina letu likawekwa kando. Yule mwanamke wa nyuma alisema, kwa sauti ya kusikika sasa, kwamba kuna watu hawana haya, wanakula nyama kisha wanakuja kunyang'anya wenye njaa. Tulirudi kwa Mama Hasani. Mama hakunipiga, hakunigombeza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba Divine hakujua habari ya uji.

Mwisho wa mwezi Saidi alipelekwa Rusumo. Alikaa kule mwaka mzima na ushei, na aliporudi alimwita Mama "shangazi" kwa siku kadhaa.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alinyamaza kwa kiburi, kwamba alikuwa kama mimi, hakutaka watu wajue tunakunywa uji. Imani hiyo ilinifaa. Ilitugawia kosa nusu kwa nusu. Nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu, ndipo nilipomuuliza. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na hakuacha.

"Ningesema unadanganya, ungekuwa muongo mbele ya mudugudu muzima, na miaka kumi na moja," alisema. "Mimi nilikuwa mtu mukubwa. Nilisema wacha waseme ni mimi. Kwangu itapita."

Haikupita. Kuna nyumba nne pale mtaani ambazo hazijampa Mama kitambaa cha kushona tangu siku ile, na kuna wazee ambao wakimwona bado wanamuuliza kama nyama imeiva. Yeye hucheka pamoja nao. Nyumba zile nne nazijua, na wenyewe wako hai, na ingenichukua asubuhi moja kwenda kuwaambia kwamba muongo alikuwa mimi. Nina miaka ishirini na mitatu. Nimepita mbele ya milango ile mara nyingi mno, na bado sijabisha hodi hata mmoja.