Mafundo Yangu Ukutani

Mwaka ule wa mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya ushirika wa kahawa mjini Meru, na kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa kazi yangu. Mkubwa wangu alikuwa amepata anwani ya barua pepe na hakujua aifanyie nini. Basi kila Ijumaa alinituma Makutano, kwenye duka la ghorofani lenye kompyuta za kukodi, nikaangalie kama wanunuzi wa ng'ambo wamemwandikia. Mara nyingi hawakuwa wamemwandikia. Lakini aliniagiza nisubiri, na mimi ni mtu wa kutii amri zikiwa nzuri.

Katika kusubiri huko ndiko nilikozigundua zile kurasa. Siku hizi zingeitwa blogu. Wakati huo hatukuwa na jina lake, na dada aliyelinda duka aliziita vitu vya watu. Hazikuwa za kampuni wala za serikali. Mtu alikaa kwake tu, akaandika juu ya kitu anachokipenda, basi. Zilifunguka polepole, picha ikianzia juu na kushuka mstari kwa mstari, nawe umekaa roho juu kuona kama ni uso au ni mlango. Bwana mmoja alipiga picha mageti ya mashamba na kueleza kila geti linaliaje likifunguliwa. Bibi mmoja alidarizi picha za kuku wake, kila kuku na kitambaa chake, na aliyekufa aliongezewa maua pembeni. Mwingine alikuwa amejaribu kila aina ya penseli aliyowahi kuiona, na alizikosoa kwa ukali kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Nilicheka peke yangu mpaka dada wa duka akaja kuchungulia, akidhani nimefungua mambo ya aibu. Alipoona ni kuku, alirudi kitini amenuna.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuwapenda watu hawa. Tangu shule ya sekondari nilikuwa na uraibu ambao sikuwa nimemwambia mtu: nilikusanya mafundo. Ndiyo, mafundo ya kamba. Watu wa kwetu wanafunga vitu kutwa nzima, na hakuna wawili wanaofunga sawasawa. Akina mama wa Mitunguu hufunga mzigo wa ndizi huku wanapiga soga, bila hata kutazama mikono. Wauza nyama wa Majengo wana fundo dogo la uzi ambalo halilegei mpaka ufike nyumbani. Wafungaji wa miraa wana lao la kamba ya mgomba, na madereva wa malori pale Makutano hufunga turubai kwa namna ambayo upepo umeshindwa nayo. Nikiona fundo zuri, nilimwomba mwenyewe anifungie jingine kwenye kipande cha kamba niondoke nalo. Wengi walinitazama kwa huruma, kisha wakafunga. Niliyaweka kwenye katoni chini ya kitanda, na mama yangu alidhani ni vitabu.

Basi Ijumaa moja nikaangukia ukurasa wa mzee wa nchi fulani ya baridi, mkulima mstaafu, ambaye naye alikusanya mafundo. Aliyatundika sebuleni kwake, ukuta mzima, na chini ya kila fundo alibandika karatasi inayosema nani alilifunga na wapi. Aliandika kwamba mkewe amechoka kusikia habari hizo, kwa hiyo anamwambia yeyote anayepita. Nilisoma mpaka mwisho, nikaanza upya. Machozi yalinilenga, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeishi miaka hiyo yote nikiamini kwamba kichwa changu kina kasoro, kumbe kuna mwenzangu, na hana aibu hata kidogo. Nikaomba ukurasa uchapishwe, wino ukachuruzika kidogo, na barua pepe ya mkubwa sikuikumbuka tena.

Jumamosi nilinunua ubao na misumari. Nilikuwa na nyumba yangu ya mbao katika boma la wazazi wangu, huko juu kwenye mashamba ya kahawa, na hapo ukutani niliyatundika mafundo yangu yote hadharani. Chini ya kila moja nilibandika karatasi kama yule mzee: Muuza nyama, Majengo. Mama wa ndizi, Mitunguu. Dereva wa lori, Makutano. Nilirudi nyuma nikatazama, nikajipongeza. Sikufikiri zaidi ya hapo, na kufikiri hakungeniumiza.

Kwa maana wakati huohuo nilikuwa nachumbia. Binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mbeere, kule Embu kwenye joto na mkonge, na nilimpenda kiasi cha kuacha kula. Wazee wangu walikuwa wamekwisha kwenda kwao kubisha hodi, na sasa ilikuwa zamu yao kuja kuona kwetu. Wakiridhika, mazungumzo ya mahari yangeendelea. Wasiporidhika, wangeshukuru kwa chai na tusingewaona tena.

Walikuja baba yake, shangazi yake, na mzee mmoja wa ukoo aliyevaa koti zito licha ya jua. Binti mwenyewe aliingia jikoni kumsaidia mama yangu. Mambo yalikwenda vizuri. Wao ni Wambeere na sisi ni Wameru, lugha zetu zinaelewana nusunusu, kwa hiyo yale mazito tuliyasema kwa Kiswahili ili mtu asije akadai hakusikia. Wazee walisifu ng'ombe, wakasifu kahawa. Kisha shangazi akasema anataka kuona mahali mtoto wao atalala, akaenda peke yake kwenye nyumba yangu.

Alirudi haraka kuliko alivyokwenda. Hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti cha kaka yake na kusema, "Kuna watu wamefungwa kwa hiyo nyumba. Na msichana wetu ni mmoja wao."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa jasho lilinitoka. Kwetu kila mtu anajua maana ya kamba iliyofungwa fundo na kuwekwa mahali kwa jina la mtu. Mchawi hafungi kamba, anafunga kizazi cha mtu, biashara yake, akili yake. Nami nilikuwa nimefunga nusu ya wilaya, nikaandika na anwani. Katikati ya ubao, mahali pa heshima, kulikuwa na kipande cha kamba ya mkonge, na chini yake nilikuwa nimeandika kwa maandishi mazuri: Mchumba wangu, Mbeere.

Nilijitetea kwa kila nilichokuwa nacho. Nikaeleza habari za Makutano, za kompyuta, za bibi na kuku wake. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimerukwa na akili. Mwishowe nikakimbia kuleta ule ukurasa uliochapishwa, nikamkabidhi mzee wa koti. Alivaa miwani, akatazama picha ya ukuta wa yule mkulima kwa makini sana, akainua kichwa. "Na huyu mzungu naye," akaniuliza, "amefunga watu wangapi?"

Mama yangu alikuwa ametoka jikoni na kuweka mkono kichwani. Binti alisimama nyuma yake, na uso wake uliniumiza kuliko maneno yote yaliyosemwa. Alijua sina hatia. Alijua pia kwamba baba yake akiinuka hapo, yamekwisha, na hakuna atakayemwuliza yeye.

Baba yake alikuwa mjane, mtu mkimya wa kulima ndengu na kuchunga mbuzi, mwenye mikono mipana iliyokaa magotini. Akasema ubao uletwe nje. Ulipoegemezwa ukutani, aliniambia, "Fungua. Moja moja. Sisi tukiona."

Nikafungua. Nilianza na dereva wa lori, kisha muuza nyama, kisha mama wa ndizi, na kila kamba iliyonyooka shangazi aliipokea na kuiweka chini kama anayemtoa mtu jela. Yalinichukua miaka kuyakusanya na yalikuwa yanaisha mbele ya vikombe vya chai. Niliona uchungu, lakini ningefungua hata na paa la nyumba kama wangetaka. Likabaki lile la katikati. Nikaweka vidole.

"Hiyo wacha," baba yake akasema.

Aliinuka, akaja akainama karibu kabisa na ubao. Akauliza nililitoa wapi. Nikamweleza ukweli: binti yake aliporudi kutoka likizo aliniletea mfuko wa ndengu, na mdomo wa mfuko ulifungwa hivyo. Ukivuta ncha moja, lote linafunguka mara moja, na kamba inabaki nzima. Sikuwahi kuona la namna hiyo popote, nikamwomba anifungie jingine.

Aligusa fundo kwa kidole, hakulivuta. "Mama yake ndio alikuwa anafunga hivi," akasema. "Gunia zote. Mimi nilikuwa nakata na panga tu, na yeye ananigombeza juu ya kamba. Sikujua iko na mahali pa kuvuta."

Binti akatoka nyuma ya mama yangu, akaja akapiga magoti kando ya baba yake. Alivuta ncha, fundo likaachia bila kelele, kisha akalifunga tena polepole ili aone. Akampa kamba. Baba alijaribu, likawa donge. Akajaribu tena, binti akamshika kidole akakipitisha chini, na shangazi naye akasogea kutazama, mikono kiunoni. Walikuwa wamenisahau kabisa.

Lilipokubali, baba yake alilivuta, likafunguka lote mara moja. Akaitazama ile kamba iliyonyooka mkononi mwake. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, na ndipo akanigeukia mimi.

"Hizo mbuzi za mahari mtaleta," akasema, "mzifunge hivi. Nitafungua mimi mwenyewe."